Mama, toa kwanza

Kwa miaka 35 nilikuwa mtu wa kupuliza moto. Nilianza mwaka 1984, mtoto wa kwanza akiwa mgongoni, nikaacha 2019 nilipokatazwa. Nilikuwa napika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza huku kwetu mlimani, juu ya mji wa Moshi, na anayeijua mbege anajua kwamba haina haraka. Ndizi mbivu zinamenywa, zinachemshwa kwenye pipa kutwa nzima mpaka ziwe na rangi ya kutu, zinaachwa siku kadhaa, ndipo unachuja maji yake na kuyachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa. Kuna na msesewe, lile gome chungu, lakini hapo kila mama ana kipimo chake na hamwambii mwenzake. Kinachochosha ni zile saa za pipa. Moto ukilegea, pipa linapoa, na ukilala limepoa umepoteza ndizi. Kwa hiyo unainama, unapuliza.

Jiko langu lilikuwa kibanda cha mbao chenye mlango mmoja. Dirisha sikuweka, maana dirisha huleta upepo, na upepo humaliza kuni. Mgeni akiingia alikuwa anatoka mbio akikohoa, nasi tunamcheka.

Kikohozi chenyewe hakikunitisha. Wapika mbege wote tulikuwa tunakohoa alfajiri. Ukisikia jirani anakohoa ng'ambo ya mfereji, unajua kwake moto umeshawaka. Kilichonishtua ni pumzi. Mwaka 2016 nilishindwa kwenda kanisani bila kupumzika njiani mara mbili. Mwaka uliofuata ikawa mara nne, na siku moja ibada ikaanza mimi bado nimekaa juu ya jiwe na kitabu changu cha nyimbo mapajani, nasikia kengele.

Nilipimwa makohozi mara tatu, kifua kikuu hakikuonekana. Zahanati moja waliniandikia pumu, nikapewa vidonge vilivyonitetemesha mikono mpaka nikawa namwaga chai. Karatasi za kuonyesha sina kifua kikuu ninazo, lakini nani atamwonyesha mteja karatasi? Pale kilabuni watu walianza kuja na kata zao, vile vibuyu vya kunywea, kutoka nyumbani.

Mwaka 2019 mwanangu alinishusha mjini, hospitali kubwa. Nikapewa mrija, nikaambiwa nivute hewa mpaka nijae, kisha nipulize kwa nguvu zangu zote, nisiache, nisiache, nisiache. Nikacheka moyoni. Kupuliza tu? Daktari akanionyesha mchoro uliotoka kwenye mashine. Mtu mwenye mapafu mazima hutoa kama robo tatu ya hewa yake ndani ya sekunde ya kwanza. Mimi nilitoa chini ya nusu, na iliyobaki ikawa inadondoka kama maji ya bomba wakati wa mgao. Nikavutishwa dawa, tukasubiri, nikapuliza tena. Mchoro ukabaki karibu vilevile, na hapo ndipo alipoitilia shaka pumu. Kwenye faili akaandika herufi nne, COPD, akanieleza kwa lugha yetu: njia za hewa zimevimba na kuwa nyembamba, na vile vifuko vidogo kabisa mwishoni vimelegea, kama lastiki ya gagulo iliyoisha, inavutika ila hairudi. Akauliza nimevuta sigara miaka mingapi. Sijawahi hata kuishika. Akauliza napikia nini. Tukatazamana.

Haiponi, alisema. Inapunguzwa makali. Akaniandikia dawa ya kuvuta, ile pampu, akanionyesha kuitumia kwa kupitia chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, maana mimi nilikuwa nabonyeza dawa inaishia ulimini. Kisha akanipeleka chumba cha mwisho wa korido, kwa watu wa mazoezi ya viungo. Nilikasirika kidogo. Mtu nimekuja sina pumzi, napelekwa mazoezi?

Humo nilimkuta kijana wa umri wa kitindamimba wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akaniacha nikae. Akanitazama kama dakika nzima bila kusema kitu. Nilikuwa nahema kwa mabega, shingo imekakamaa, mdomo wazi.

"Mama, sasa hivi unafanya nini?"

"Natafuta hewa."

"Hewa unayo. Umejaa. Ndiyo maana nyingine haiingii. Usivute, mama. Toa kwanza."

Akanipa mfano wa hiace za Marangu. Imefika stendi, abiria wa nje wanasukumana mlangoni, na wa ndani hawajashuka. Unaweza kupiga kelele, unaweza kusukuma, gari halitachukua mtu mpaka wale washuke. Mapafu yangu, akasema, yamejaa abiria wa jana.

Nimesikia mahubiri mengi maishani, na sidhani kuna sentensi iliyonigeuza kama ile ya toa kwanza. Miaka mitatu nilikuwa navuta, navuta, nikidhani nina upungufu. Kumbe tatizo ni kushusha abiria.

Zoezi lenyewe ukisimuliwa unaona kama mchezo. Unafunga mdomo, unavuta kwa pua taratibu, moja, mbili. Kisha unabana midomo kama unapoza uji kwenye kijiko, unatoa, moja, mbili, tatu, nne. Mashavu yasivimbe, mabega yashuke. Alinieleza kwa nini: vile vijia vidogo vilivyolegea, ukitoa hewa kwa mdomo wazi na kwa haraka, vinajifunga kabla ya kumaliza kutoa, hewa inabaki nyuma yake. Ukibana midomo, hewa inakutana na kizuizi kidogo, inasukuma kurudi nyuma, na msukumo huo ndio unaoshikilia vijia wazi mpaka vimwage. Namba si sheria. Wengine wanaweza tatu kwa sita. Ila kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta, mara mbili hivi.

Nikajaribu. Nikapuliza kama mpishi wa mbege, fuuu! Kizunguzungu kikanishika, nyota zikapita machoni, ikabidi anishike mkono.

"Mama," akasema, "hapa hakuna moto."

Tulicheka wote wawili mpaka nikaanza kukohoa.

Nilihangaika wiki nzima kuacha kupuliza hivyo. Jibu lilikuja jikoni, siku ambayo hata sikuwa nafanya mazoezi. Jikoni kuna kupuliza kwa namna mbili. Kuni mbichi unazipiga pumzi fupi za nguvu, jivu linakurukia mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Lakini kuna kaa la usiku, lile unalolifukia kwenye majivu ulale nalo ili alfajiri usihangaike na kiberiti. Hilo ukilipiga kwa nguvu linatawanyika, limekufa. Unalipa pumzi nyembamba, ndefu, ya kubembeleza, linakuwa jekundu polepole na jivu lililo juu yake halisogei. Nikasimama pale nimeshika upawa. Wiki iliyofuata nikamwambia kijana: mwanangu, mimi nimeshaijua, ni pumzi ya kaa la usiku. Akaandika kwenye daftari lake. Najua anawafundisha wengine hivyo sasa, maana mama mmoja wa Kibosho alinisimulia kama kitu kipya.

Alinisisitizia nifanye wakati niko mzima, dakika tano, asubuhi, mchana na jioni, nimekaa kwenye kigoda. Nilimwona msumbufu. Baadaye nikaelewa: siku umebanwa hujifunzi kitu, siku hiyo mwili unafanya ulichouzoesha.

Si kila alichonifundisha kilinifaa. Kuna zoezi la kulala chali, mkono mmoja tumboni na mwingine kifuani, uvute hewa tumbo lipande na kifua kitulie. Wengi wanalisifu. Mimi lilinibana zaidi, nikawa kama mtu aliyewekewa gunia juu. Nilipomweleza alisema kwa watu ambao kifua kimejaa sana linaweza kuwachosha, akaniambia niliache. Nalisema hili kwa sababu nimekutana na watu wanaojilazimisha zoezi lisilowafaa kwa kuwa wameliona kwenye simu.

Lililonifaa kuliko nilivyotegemea ni la makohozi. Zamani nilikuwa nakohoa mpaka mbavu zinauma na haitoki kitu. Sasa navuta hewa ya kawaida, nafungua mdomo na koo, natoa "haaa" kama mtu anayepuliza ukungu kwenye kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Mara mbili, tatu, kisha napumzika kwa pumzi ya kaa, kisha tena. Kohozi linapanda lenyewe, kikohozi kimoja kinatosha. Nafanya asubuhi kabla ya chai. Usijaribu umeshiba.

Sasa njia. Kutoka barabara ya lami mpaka kwangu ni mlima, hatua 312, nimezihesabu mwenyewe. Hatua mbili navuta, hatua nne natoa. Nikiona nne hazifiki, napunguza mwendo, sikazani. Kazi yoyote ya nguvu naipa pumzi inayotoka: kuinua ndoo natoa, kusimama kutoka kwenye kigoda natoa, kuinama kufunga kiatu natoa. Zamani nilikuwa nakaza pumzi kila nikibeba kitu, kumbe kila mkungu wa ndizi ulikuwa unanifungia mlango. Kuinua mikono juu nako kunakula pumzi ajabu. Kamba ya kuanikia nguo nimeishusha mpaka usawa wa kifua. Kusuka nywele za mjukuu, yeye anakaa chini kabisa na mimi kwenye kiti, viwiko vimelala mapajani.

Lakini nikuambie kilichokuwa kinaniua njiani: salamu. Huku kwetu humpiti mtu hivi hivi. Umeamkaje, watoto, ng'ombe, na yule mgonjwa wenu, na mvua huko kwenu. Kila salamu ni pumzi tano, na mimi nilikuwa na pumzi mbili. Mwanzo nilianza kukwepa watu, nikawa napita njia ya nyuma kwenye migomba, wakasema nimekuwa na maringo tangu watoto wapate kazi. Kijana wa mazoezi hakucheka nilipomwambia. Alinipangia kama zoezi lingine lolote. Nikimwona mtu mbele nasimama kabla hajanifikia, naegemea fimbo, nainua mkono wa kushoto, namaliza kutoa hewa, ndipo naitikia. Watoto wa shule sasa wanajua. Wanasema shikamoo bibi, halafu wanasimama kimya kunisubiri. Kuna mmoja anahesabu vidole vyake mpaka niseme marahaba.

Usiku ni habari nyingine kabisa. Saa nane za usiku unajikuta umekaa kitandani hujui umekaa saa ngapi, hewa imekwama hapa kooni, moyo unapiga ngoma, na kichwani neno ni moja: nakufa. Ukishalisema unavuta harakaharaka. Ukivuta harakaharaka, abiria wa jana hawapati nafasi ya kushuka. Unajaa zaidi, unaogopa zaidi. Dawa ninavuta, lakini inahitaji dakika kadhaa kufanya kazi, na dakika hizo ndizo ndefu.

Nalala chumba kimoja na mjukuu wangu, wakati ule alikuwa darasa la nne. Kijana wa mazoezi aliomba nije naye siku moja, akampa kazi. Alimwambia: usimwambie bibi pole, usimwambie bibi tulia. Hesabu tu, kwa sauti, polepole. Basi usiku mmoja wa mvua ikanikamata. Mtoto akaamka, akaniletea pampu na chupa, akasema, "Bibi, viwiko kwenye magoti." Nikainama mbele, viwiko magotini, mikono imelegea. Akaanza. Moja, mbili. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuwasha hata taa. Mvua inapiga bati, yeye anahesabu, mimi natoa. Sijui tulienda mizunguko mingapi. Ninachokumbuka ni kwamba alifika tatu akasinzia, kichwa kikaniangukia begani, na ile nne nikaimalizia mwenyewe.

Nimefanya makosa pia. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila nyumba ilikuwa inajifukiza, na mimi nikaingia chini ya blanketi na sufuria ya mchaichai, malimao na majani ya mkaratusi. Sikumaliza dakika mbili. Mvuke wa moto na blanketi zito kwa mtu wa kifua changu, nilitoka nimetapatapa kama samaki, na mkwe wangu alilia kuliko mimi.

Kosa kubwa lilikuwa Julai 2021, wakati baridi imeshika mlimani. Makohozi yaliongezeka, yakatoka meupe yakawa ya kijani. Sentensi nilikuwa siimalizi. Nami nikajitapa: pumzi yangu ninaijua, nitaituliza. Nilikaa kwenye kigoda siku mbili nikitoa moja mbili tatu nne, na wakati huo wote ugonjwa unachimba. Siku ya tatu mkwe wangu alileta uji, akanitazama midomo, akaweka bakuli chini akaenda kuita bodaboda. Kile kidude wanachobana kidoleni kupima oksijeni ya damu kilisoma asilimia 82. Ya kwangu ya kawaida ni 91, na daktari alishanikataza kuitamani 98 ya vijana. Nililazwa siku sita, oksijeni na antibayotiki. Yule daktari ana maneno makali akitaka: "Mama, zoezi linapanga hewa. Haliui vijidudu." Sasa nyuma ya mlango wa chumba mjukuu ameandika kwa chaki: makohozi yakibadilika rangi, maneno yakikatika, midomo au kucha kugeuka bluu, miguu kuvimba, pampu kutosaidia, tunashuka siku hiyohiyo.

Nirudi nyuma kidogo kwenye hesabu, maana watu huniuliza kama mapafu yamepona. Siku ya kwanza ya mazoezi nilitembezwa kwenye korido ya mita 30, kwenda na kurudi, dakika 6. Nilifika mita 195 na nilikaa mara mbili. Baada ya wiki nane za kuhudhuria mara mbili kwa wiki na kufanya nyumbani siku nyingine, nilifika 262 bila kukaa. Ile mashine ya kupuliza ikapimwa tena, mchoro uleule. Mapafu hayakusogea hata nukta. Kilichobadilika ni miguu. Kila siku nilikuwa nasimama na kukaa kwenye kigoda bila kushika kitu, nikianza na mara tano mpaka kumi na tano, na misuli ikipata nguvu inadai hewa kidogo kwa kazi ileile. Kijana alinieleza kwamba hospitali ya Mulago, kule Kampala, walifanya mpango wa namna hii wa wiki sita kwa watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu, nao wakapata nguvu. Kwa hiyo si mambo ya Ulaya wala ya wavuta sigara peke yao. Hospitali nyingi hazina chumba kama kile cha mwisho wa korido, na hilo linanisikitisha, kwa sababu vifaa nilivyoviona humo ni viti viwili, saa ya ukutani na koni za plastiki.

Biashara ameichukua mkwe wangu. Kibanda tulikivunja, pipa liko nje chini ya mabati yasiyo na ukuta, na mimi nikienda kuonja nakaa upande unakotoka upepo. Chai na ugali tunapikia gesi, mtungi wa kilo 6. Lakini pipa la mbege kwa gesi? Bei ya kata moja kilabuni hailipi. Serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Nitakuwa na miaka 72, na nitafurahi nikiiona, ila sijasikia bado mtu akiliongelea pipa.

Wiki iliyopita niliamka mapema, nikakaa kwenye kigoda mlangoni na pumzi zangu, giza bado. Nikamsikia mkwe wangu anakohoa uani. Nikanyoosha shingo kutazama kama ameshawasha. Pipa lilikuwa baridi, kuni bado zimefungwa. Jumatatu tunashuka naye mjini, na nimeshamwambia asinibishie.